Mjomba, nunua tu hiyo Noah

Najua nimepotea sana. Nilikuwa likizo nyumbani Bumbuli, na niliporudi huku Dodoma nikakutana na test mbili na asaimenti ya kikundi ambayo, kama kawaida, kikundi chenyewe ni mimi na mtu mmoja. Leo nimepumua kidogo, na kuna jambo limenikaa moyoni tangu juzi usiku. Ngoja nilitoe.

Mjomba alinipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za mvua, na za mama, na za kabichi, akafika kwenye lake: "Mwalimu, kuna Noah inauzwa pale Soni. Old model, 4WD. Sasa watu wa hapa kijiweni wananiambia nisubiri, eti Noah za kisasa zinakuja kushuka bei. Wewe msomi unasemaje? Ninunue au nisubiri?"

Ananiita mwalimu tangu nilipopata chuo, ingawa darasa nililowahi kulishika ni la wiki chache za field tu. Nikamwambia, "Mjomba, nipe siku mbili." Akakubali. Siku mbili zinaisha leo usiku.

Kwa nini niliomba siku mbili kwa swali la ndiyo au hapana? Kwa sababu swali hilohilo aliniuliza mwaka 2022. Nilimjibu papo hapo, kwa kujiamini kabisa, na jibu langu likamtia hasara. Kwa hiyo hapa siandiki kama mtaalamu wa magari, wandugu. Naandika kama mtu mwenye deni.

Turudi nyuma. Mwaka 2022 mjomba alikuwa na milioni 10 mkononi, hela ya mboga ya misimu kadhaa na mgao wa kikoba. Kulikuwa na Noah ya mkononi, namba C, mwenye nayo anataka milioni 9. Mimi nilikuwa kidato cha tano, nina simu ya kwanza yenye intaneti, na nilikuwa mjuaji ile mbaya. Nilikuwa nimesoma kwamba Toyota wametoa Noah mpya kabisa Januari 2022. Nikampigia hesabu: Wajapani watakimbilia mpya, za zamani watazimwaga mnadani, zikijaa bei itaanguka, na wewe mjomba utaagiza nzuri zaidi kwa hela ileile. Subiri mwaka mmoja tu.

Kwenye karatasi hesabu hiyo haikuwa ya kijinga. Kule Japan gari jipya linakwenda kukaguliwa mara ya kwanza likiwa na miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2. Ukaguzi ule una gharama zake, ndiyo maana wengi huuza gari likikaribia kukaguliwa, na magari hayo ndiyo tunayoyaona yakishuka bandarini Dar. Toleo jipya likitoka, wanaobadilisha huongezeka. Sawa.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba miaka ile ya 2021 na 2022 dunia nzima ilikuwa na uhaba wa zile chipu za kompyuta zinazofungwa kwenye magari. Viwanda vilipunguza uzalishaji. Aliyeagiza gari jipya alingoja miezi na miezi, na anayengoja hauzi la zamani. Matokeo yake magari yaliyotumika yakapanda bei badala ya kushuka. Mwaka mmoja ukapita, mjomba akanipigia. Nikamwambia aongeze subira kidogo.

Halafu ikaja dola. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Chukua gari la dola 5,000: kutoka milioni 11 na nusu limekuwa milioni 13, na hapo hujagusa kodi, na kodi nayo inapigwa juu ya bei hiyo hiyo. Gari halijabadilika hata tairi, ila limepanda kwa milioni moja na nusu kwa sababu tu tulikuwa tunasubiri lishuke.

Na hela ya kusubiria haikai, jamani. Hela iliyo ndani kila mtu anaijua. Paa la jikoni likaondoka na upepo, bati zikanunuliwa. Msiba ukaja, mjomba ndiye mkubwa wa ukoo, akatoa. Halafu mimi nikachaguliwa chuo. Mkopo nilioupata haukutosha ada yote, na bumu ni la kula na malazi tu. Ile tofauti aliibeba yeye. Hakuniambia imetoka wapi, na mimi sikuuliza, lakini kulikuwa na mfuko mmoja tu. Kwa hiyo ukiniona napanda ngazi kwenda kwenye pindi la saa moja asubuhi, tambua kwamba matairi mawili ya Noah ile yanapanda na mimi.

Likizo hii nilimwomba daftari lake. Mjomba anaandika kila kitu, tabia aliyoipata enzi za kupeleka majani ya chai. Kipindi cha mavuno anakodi pikapu mara mbili kwa wiki kushusha mzigo Soni siku za gulio, shilingi 40,000 kila safari. Msimu wake una kama wiki 20. Piga mwenyewe: 1,600,000 kwa mwaka. Miaka miwili, 3,200,000. Tuwe wakweli, angekuwa na gari lake bado angenunua mafuta na kulipa fundi, kwa hiyo toa nusu. Bado ni milioni 1 na laki 6 zilizokwenda kwa mwenye pikapu. Na hapo sijahesabu siku ambazo pikapu haikutokea, hoho zikalala kwenye tenga mpaka zikasinyaa, akauza kwa bei ya kutupa. Siku hizo ameziandika kwa neno moja tu, "haikuja". Nilizihesabu, halafu nikaacha kuhesabu.

Ndiyo maana safari hii nimeamua kufikiri kabla ya kufungua mdomo.

Kwanza tujue tunazungumzia gari gani, maana Noah ni ukoo. Ya kwanza ilitoka 1996 na jina refu, Townace Noah na dada yake Liteace Noah. Hiyo ndiyo tunayoiita old model. Ya pili ilitoka 2001, ya tatu 2007, ya nne 2014, na ya sasa ndiyo hiyo ya Januari 2022. Sasa cheka kidogo: hapa kwetu ile ya 2001 ndiyo watu walioibatiza "new model", na jina limeganda mpaka leo, wakati Toyota waliacha kuiunda 2007! Kinachoitwa kipya Soni ni kitu ambacho Japan walishakizika.

Hilo si la kuonea aibu, ila lina maana yake. Mtu wa Tokyo akisema "nasubiri toleo jipya" ana tarehe ya dukani. Sisi wa kununua mkononi au kuagiza used hatuna tarehe hiyo. Toleo jipya kwetu linaingia polepole, linashika bei, halafu linaingia karakana. Mpaka lifike kwa fundi wa Soni akalijua, ni miaka. Kwa hiyo ukisema unasubiri, jiulize unasubiri nini hasa.

Wale wa kijiweni wanamwambia mjomba asubiri ile ya 2014. Hoja yao ni kwamba inazidi kuzeeka, kwa hiyo itazidi kushuka. Kwa bei ya mnada wa Japan wako sahihi. Wanachosahau ni TRA. Gari dogo la abiria linaloingia nchini linalipa ushuru wa forodha asilimia 25. Kwa injini ya cc zaidi ya 1,000 mpaka 2,000, kama Noah, kuna ushuru wa bidhaa asilimia 5. Likiwa limepita miaka 8 mpaka 10 linaongezewa asilimia 15 ya uchakavu, na likipita miaka 10 uchakavu unakuwa asilimia 30. Juu ya yote hayo inakuja VAT asilimia 18.

Tuseme gari limefika bandarini kwa thamani ya milioni 10. Bila kuhesabu tozo ndogondogo, likiwa chini ya miaka 8 litakutoka kwa kama milioni 15 na nusu. Likiwa la miaka 8 mpaka 10, kama milioni 17 na laki 7. Likipita miaka 10, karibu milioni 20, yaani mara mbili ya ulichonunulia. Na thamani yenyewe si lazima iwe ile ya risiti yako, TRA wana mfumo wao wa kukadiria. Noah ya 2014 imeshavuka ule mstari wa miaka 10, na kila Januari mwaka mwingine unaifuata. Kwa hiyo anayesubiri gari lizeeke ili lishuke bei, anasubiri pia lipande kodi.

Wenzetu Kenya hesabu yao ni nyingine. Kule gari lililopita miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza haliruhusiwi kuingia kabisa. Uganda nao mwaka 2018 waliweka ukomo wa miaka 15. Mkenya akisubiri Januari, sheria yenyewe inamsukumia toleo jipya. Kwetu hakuna anayekusukuma, mlango uko wazi ila kiingilio kinapanda. Ndiyo maana ushauri wa jamaa wa Nairobi usiuchukue mzimamzima ukaupeleka Bumbuli.

Tuje kwenye mlima wenyewe. Mimi nasoma ualimu wa fizikia, vumilieni kidogo. Old model inavuta kwa magurudumu ya nyuma, na zipo za 4WD kama hiyo ya Soni. Kuanzia 2001 Noah ya kawaida inavuta kwa magurudumu ya mbele. Sasa jaza magunia ya kabichi nyuma, halafu pandisha kilima cha udongo mwekundu mvua imenyesha. Uzito unahamia nyuma, mbele kunakuwa kwepesi. Magurudumu ya mbele yakikosa uzito yanazunguka bure, gari linacheza ngoma palepale. Anayevuta kwa nyuma anapata uzito pale anapouhitaji. Hili mimi nimelisoma chuo, lakini fundi wa Soni na makonda wa njia ya Bumbuli walilijua zamani bila kuandika hata fomula moja. Ni kweli, matoleo ya baadaye nayo yana 4WD, lakini lazima uitafute hasa. Na ile ya 2014 ya hybrid, ambayo vijana wanaisifia kwa kula mafuta kidogo, inavuta mbele tu.

Halafu injini. Old model ya petroli ina 3S, injini ambayo fundi wetu anaisikiliza kwa sikio, hafungui boneti, anakwambia plagi ya ngapi. Ile ya 2001 ilikuja na D-4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Inataka mafuta safi na fundi mwenye vifaa, na huku kwetu imewaliza wengi. Za 2007 na kuendelea zina gia za CVT zinazotaka oili yake maalumu. Si gari baya hata kidogo, lakini ukiwekewa oili yoyote na mtu asiyejua, umeua gia. Kuharibikiwa na gari Dodoma ni usumbufu. Kuharibikiwa nalo juu ya Soni mzigo ukiwa ndani ni msimu.

Na siyo sisi tu. Toyota wenyewe wana Land Cruiser ya safu ya 70, ile tunayoiita mkonga, iliyotoka 1984 na bado wanaiunda mpaka leo. Wamebadilisha injini na vitu kadhaa, lakini mwili na tabia ni vilevile, kwa sababu wanunuzi wake wako porini na milimani. Upande wa pili, Land Rover Defender ya zamani iliacha kuundwa Januari 2016 na mrithi wake akaonyeshwa 2019. Aliyesema anangoja mrithi alikaa zaidi ya miaka mitatu, na kilichokuja ni gari zuri, la kisasa, la bei ya watu wengine kabisa. Mrithi si lazima aje kukurithisha wewe.

Najua kuna mdau ameshakasirika: "Unatetea mikweche!" Hapana. Gari la kisasa lina faida ambazo siwezi kuzificha. Linalinda watu vizuri zaidi likigonga, linakula mafuta kidogo, halina kutu ya miaka 25. Mjomba angekuwa anakaa Dodoma, anapeleka watoto shule kwenye lami, ningemwambia asahau old model, aweke akiba, atafute ya 2014. Na zipo siku ambazo kusubiri ndiyo akili. Kama unanunua jipya dukani na mrithi ana tarehe inayojulikana, subiri, au mbane muuzaji akupunguzie la zamani. Kama gari halina kazi inayolingoja, subiri hata miaka mitano, hakuna kinachooza. Na kama hela yenyewe ni ya kukopa kwa riba, subiri.

Lakini kusubiri kuna bei yake, na bei hiyo haiandikwi kwenye tangazo. Inaandikwa kwenye daftari la mjomba, safari moja moja, elfu 40 elfu 40. Mwaka 2022 mimi nililinganisha bei ya gari na bei ya gari. Nilitakiwa kulinganisha bei ya gari na bei ya mwaka mzima bila gari. Watu wa kwetu waliolima chai wanalijua hili kuliko mimi. Kiwanda cha Mponde kilipofungwa 2013 kwa mgogoro, majani shambani hayakusimama kuota kungoja. Chai huwezi kuiambia isubiri, kabichi ndiyo usiseme.

Nikitazama nyuma naona kosa langu halikuwa kutojua habari za chipu au dola. Hata wakubwa wengi hawakulijua hilo. Kosa lilikuwa kwamba mimi nilikuwa nasubiri kwa hela ya mtu mwingine. Ni rahisi sana kumwambia mtu asubiri wakati mzigo hauko mgongoni kwako. Sisi wa vyuo tuna ugonjwa huo. Tunasoma kidogo, tunapiga simu nyumbani, tunatoa maelekezo. Na kule nyumbani wanatuamini, kwa sababu wametulipia tujue.

Kwa hiyo leo usiku nitampigia. Nitamwambia hivi: mjomba, nunua tu hiyo Noah. Ila usiende peke yako, nenda na fundi. Mfike asubuhi kabla haijawashwa, muiwashe ikiwa ya baridi, muangalie moshi. Alale chini aangalie chesisi, kutu huwa inajificha huko. Muijaribu 4WD kwenye matope, si kwenye lami. Muipandishe na muishushe kilima, maana kupanda ni injini na kushuka ni breki, na kwetu kushuka ndiko kunakoua. Kadi iwe ya jina la anayeuza, madeni yaangaliwe, umiliki ubadilishwe TRA kabla hela yote haijatoka. Fundi akisema hapana, basi ni hapana kwa gari hilo, tafuta lingine la aina hiyo. Huko si kusubiri, huko ni kuchagua.

Halafu kuna sentensi nyingine ambayo sijawahi kumwambia. Tangu 2022 hajawahi kunilaumu hata kwa utani, na nadhani ndiyo maana imenikaa hivi. Nitamwambia kwamba mwaka ule nilikosea, na kwamba nimeliona daftari. Sijui atasema nini. Nahisi atauliza kama nimekula.

Mimi ni hayo tu, wadau. Kama una mjomba, shangazi au baba anayekuuliza "ninunue au nisubiri", muulize kwanza kesho asubuhi anabeba mzigo wake na nini. Naomba kuwasilisha. Ngoja nikaweke vocha.